Mwanamke wa Broshi ya Jani

Tak. Kimya. Tak.

Umuhoza alifumbua macho gizani akasikiliza. Haikuwa mvua, maana Julai ya Kigali haina mvua, wala haikuwa panya, maana panya hana subira ya namna hiyo. Kilikuwa kifungio cha broshi, kinafunguliwa na kufungwa, kinafunguliwa na kufungwa, na kwa ule mlio mkavu alijua hata ni broshi ipi: tausi mwenye jicho moja.

"Kaliza," aliita polepole.

Mlio ukakoma.

"Uko wapi?"

"Nimelala," mtoto akajibu kutoka chini ya meza ya cherehani.

Shafiq akacheka ndani ya blanketi. "Mwadhini mwenyewe hajaamka, huyu ameshafungua duka. Hiyo ni damu yako, Mama Kaliza. Mimi usinitaje."

Umuhoza akashuka kitandani, akapapasa mpaka akaupata mguu mdogo wenye joto, kisha mtoto mzima wa miaka minne, amekaa juu ya vipande vya vitambaa na kopo la maziwa ya unga katikati ya magoti. Akampakata pale pale sakafuni, akamnusa utosi, akabaki hivyo kidogo kwa sababu ilikuwa raha. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya pazia, alikotundika kipande cha mahameli nyeusi, akaanza kuzipapasa broshi moja moja. Hakuhitaji taa. Nanga, kikapu cha maua, kipepeo, ufunguo, kiatu, na nyingine na nyingine. Alipofika mahali pa thelathini, vidole vikagusa kitambaa kitupu.

Jani la kijani lilikuwa halijarudi. Wiki ya tatu sasa.

Hapo mtaani Biryogo walimwita Mama Broshi, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa sababu ndilo lilikuwa jina lake. Yote yalianzia kwenye makoti. Shafiq alikuwa fundi cherehani, na kila robota la nguo za chagua, yaani mitumba, likifunguliwa sokoni yeye alikimbilia yale ambayo wenzake waliyasukuma kwa mguu: makoti ya sufu kutoka Ulaya, mazito kama magodoro. Nani avae kitu kile Kigali? Lakini akilifumua koti moja alipata kaptura mbili za watoto wa shule, kofia moja na vifungo vya bure. Na mara moja moja, kwenye ukosi, alikuta broshi ambayo mwenyewe aliisahau siku alipolitoa koti lake.

Shafiq alizitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Umuhoza alizitoa humo, akazisugua kwa kitambaa na majivu laini, akazitazama. Ilimsumbua kwamba kitu kilichokaa kifuani kwa mtu, karibu vile na moyo, kinaweza kufika Kigali bila hata neno moja juu yake.

Halafu wanawake wa mtaani wakaanza kumletea za kwao. Mama mmoja muuza sambusa alimletea yule tausi. Alipewa na mke wa mwenye duka wa Kihindi mwaka wa hamsini na saba, kama malipo ya kumfundisha kupika mizuzu, na jicho moja la tausi lilianguka ndani ya karai la mafuta na bila shaka mteja alilila. Nanga ilikuwa ya mjomba wake Shafiq, mpishi, aliyeiokota kwenye takataka za bwana wake akaivaa kwenye kofia akidhani ni nishani. Askari mmoja wa Nyabugogo akampigia saluti, naye kwa adabu akairudisha, na tangu siku hiyo hakukubali tena kuondoka nyumbani bila kofia. Kikapu cha maua kilipungukiwa petali tatu. Zilimezwa na mtoto mchanga ambaye sasa ni golikipa.

Yote haya Umuhoza aliyaandika katika daftari, ukurasa mmoja kwa broshi moja, na chini yake jina la aliyemweleza. Kuandika alikuwa amekupata kwa jasho. Aliacha shule darasa la sita, akaolewa, na Kaliza alipokuwa bado wa mgongoni akajiandikisha masomo ya jioni kule Nyamirambo, jioni tatu kwa wiki. Mtoto alizoea kulala kwa mkwaruzo wa chaki. Mama mtu alizoea kunyonyesha huku akinyambua vitenzi.

Hakuuza broshi hata moja. Aliziazima. Katika harusi wanawake wanavaa mshanana, ile shuka nyepesi inayovuka kifua na kufungwa juu ya bega moja, na kila aliyewahi kucheza nao anajua fundo linavyoteleza pale pale ngoma inapokolea. Broshi hulishika fundo. Kwa hiyo wasichana walikuja kwake Alhamisi na Ijumaa, wakachagua, wakasomewa hadithi, na Jumatatu wakairudisha pamoja na malipo yake, na malipo yenyewe yalikuwa kueleza yaliyotokea huko. Nani alilia, nani alikula mara mbili, mkwe yupi alianguka na kiti. Naye akaongeza mistari.

Zisizo na hadithi zilikaa kwenye kopo la maziwa; juu ya mahameli, lile jani tu ndilo lililokuwa na shida. Lilikuja kwenye koti la kijivu, jani la kioo cha kijani chenye mshipa wa dhahabu katikati, zuri kuliko zote, na halikuwa na mtu wa kulisemea. Ukurasa wake ulibaki mweupe mwaka mzima. Ndipo mwalimu wa jioni akasema, chukueni kitu kimoja cha nyumbani mwenu, mniandikie kilikotoka. Umuhoza akachukua jani.

Akaandika juu ya mwanamke aitwaye Anastaziya, ambaye mchumba wake alikwenda kwenye migodi ya Katanga na kusema, nisubiri. Ndugu zake walimletea wachumba watatu. Kila mara alitoka, akawasalimia kwa heshima, akawapa maji, akarudi ndani. Mwaka wa saba mtu alishuka kilima kwa miguu, amekonda, na mkononi ana kitu kimefungwa kwa maganda ya mgomba. Ndani yake lilikuwa jani la kijani.

Mwalimu alimpa alama kumi na saba juu ya ishirini. Umuhoza alirudi nyumbani anaruka madimbwi yasiyokuwepo. Usiku huo huo akaunakili ule mtungo katika daftari la broshi, kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, na chini yake hakuandika jina la mtu. Alijiambia ni pengo tu analoliziba.

Na wiki tatu zilizopita alikuja Générose wa Gatsata, akachagua jani, akasomewa. Alisikiliza bila kupepesa macho. Akaomba asomewe tena.

Asubuhi hii ya mlio wa tausi, ilipofika saa nne, mwanamke mnene mwenye mwavuli wa jua alisimama mbele ya cherehani ya Shafiq.

"Mama Broshi iko hapa?"

"Ndiye mimi, mama," Umuhoza alisema akitokea ndani. "Karibu ukae."

"Nimeshakaa," mgeni akasema, na kweli alikuwa ameshakaa, benchi la wateja limelalamika kidogo. Akatoa ndizi kwenye mkoba, akampa Kaliza bila kumtazama, kama mtu aliyezoea kwamba kila nyumba ina mtoto. "Mimi ni Pudentienne, shangazi yake Générose. Baba yake alituacha, Mungu amrehemu, mama yake ni mpole kupita kiasi, kwa hiyo mambo ya posa iko juu yangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Générose iko na mchumba, anaitwa Léonce. Fundi wa magari. Amekwenda Kahama huko Tanzania, kutengeneza malori, atafute cha kuanzia nyumba. Vizuri. Mwaka wa kwanza barua nne. Mwaka huu hakuna, hata bahasha tupu. Sasa amekuja Karangwa. Karangwa iko na duka la misumari kule Rebero, meno yote iko mdomoni, hapigi kelele. Mimi nasema, wazee wake waje, tuongee neno la kwanza. Na mtoto wangu ananijibu nini?" Alikunja mwavuli kwa hasira. "Ananijibu kwamba mwanamke wa jani alingoja miaka saba. Nikipika, miaka saba, shangazi. Nikifua, miaka saba. Niko katikati ya rozari, nasikia nyuma yangu, miaka saba."

Cherehani ilinyamaza. Shafiq aliyekuwa na pini nne mdomoni aliinama sana juu ya kaptura, mabega yanatikisika. Ule mtungo alisomewa yeye wa kwanza kabisa.

"Basi nimekuja nimwone huyo mwanamke," Pudentienne akasema. "Nimuulize mwenyewe, uso kwa uso. Iko wapi?"

Umuhoza alifungua mdomo ili aseme ukweli, na ukweli ukakataa kutoka. "Alihama, mama."

"Alihamia wapi?"

Alitafuta mahali palipo mbali, penye mashamba, ambapo mtu wa Gatsata hana shughuli. "Gahanga."

Uso wa Pudentienne ukachangamka. "Gahanga? Mimi niko na shamba la mihogo Gahanga, tangu mwaka wa sabini na moja. Upande gani, wa kanisa au wa bondeni?"

"Wa bondeni."

"Kabla ya yule mzee wa nyuki, au mbele yake?"

"Mbele yake kidogo."

"Mbele ya mzee wa nyuki ni kinamasi, binti yangu. Huyo Anastaziya anakaa na vyura?"

Pini moja iliruka kutoka mdomoni mwa Shafiq ikaanguka sakafuni. Kaliza akaiokota. Umuhoza alihisi masikio yakiwaka, akakaa kwenye benchi kando ya mgeni.

"Hakuna Anastaziya, mama. Nilimtunga. Ilikuwa kazi ya darasani."

Pudentienne akamgeukia. "Na yule mwanaume wa Katanga?"

"Naye."

"Na yale maganda ya mgomba?"

"Hata maganda."

Mama yule akashusha pumzi, akauweka mwavuli magotini. "Nilikuwa nimeshampenda huyo mwanaume," akasema. "Pale kwenye maganda, nilijifuta macho." Kisha akajikumbusha alichokuja nacho, sauti ikakaza. "Sasa sikiliza. Mimi nikimwambia, atasema shangazi anadanganya ili Karangwa apite. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye utasema. Jumapili nawajibu wazee wa Karangwa. Mtoto asikose mtu mwema kwa ajili ya mtu wa kwenye daftari."

Alipoondoka, Shafiq alifuta machozi ya kicheko kwa kona ya kaptura ya mtu. "Mbele yake kidogo," akasema. "Mama Kaliza, wewe na vyura."

"Usinicheke, Baba Kaliza. Nimeharibu."

Akamwona kweli anamaanisha, akaacha kucheka. "Umeharibu," akakubali, kwa upole. "Lakini bado ni Jumatano."

Kesho yake alimfunga Kaliza mgongoni, akashuka mpaka Nyabugogo, akapanda Gatsata. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alilolipanga lilikuwa zuri mno, lina mwanzo na mwisho, akalitupa. Maneno mazuri ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Générose alikuwa na meza ya vyuma vidogo kando ya gereji: nati, bolti, springi, vipande vya mpira, vyote vimepangwa kwa ukubwa. Ndipo alipokutana na Léonce, aliyekuja kununua nati moja na kurudi mara sita siku hiyo hiyo akidai amekosea saizi. Leo Générose alivaa kitenge cha kazi chenye madoa ya grisi, na kwenye bega la kitenge hicho, mahali pasipo na mshanana wala fundo la kushika, lilikuwepo jani la kijani.

"Najua, nimechelewesha," Générose alisema akicheka. "Jumatatu zote zimenipita. Kaa. Kaliza, njoo unipangie hizi."

Umuhoza hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, mtoto akiteremka mgongoni mwake. Alisema hakuna mwanamke, hakuna Katanga, hakuna miaka saba. Alisema juu ya mwalimu, juu ya kumi na saba, juu ya ukurasa mweupe uliomtia aibu. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani.

Mikono ya Générose ilikuwa imesimama juu ya bolti.

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Nimemwombea huyo mtu. Misa mbili."

Umuhoza akaokota nati iliyoanguka, akairudisha mezani.

Générose akafungua kifungio, akaliweka jani mezani katikati ya nati. Kule ndani ya gereji mtu alikuwa akigonga chuma, akigonga na kutukana kwa zamu. "Unafikiri nilianza kungoja kwa sababu yake?" akauliza. "Nilikuwa nangoja tayari. Ila nilikuwa nangoja kama mjinga, kila mtu ananitazama kama mjinga, hata mama. Wewe ukanisomea, nikaona kumbe kuna mwingine. Nikapata cha kumjibu shangazi. Sasa umemwondoa, nimebaki mimi na Léonce, na Léonce haandiki." Akaisukuma bolti kando. "Ungeandika juu tu, hii nimetunga. Maneno matatu. Ningelivaa hata hivyo."

"Ni kweli," Umuhoza akasema. "Nilipaswa kuandika."

Kaliza, ambaye aliona kazi yake ni muhimu kuliko yao, alikuwa akipanga nati kwa familia: baba, mama, mtoto, mgeni.

"Wewe umemwandikia?" Umuhoza aliuliza baadaye, kwa hadhari.

"Mwaka huu, mbili. Hakujibu. Ya tatu nikasema hapana, zamu ni yake."

"Na kama hakuzipata?"

"Na kama alizipata?" Générose akamgeukia. Lakini swali lilikuwa limeshaingia, lilionekana usoni. Aliokota bolti, akaitazama kana kwamba ina maandishi, akairudisha. "Kumi na saba, ulisema?"

"Juu ya ishirini."

"Basi toa kalamu. Mimi nasema, wewe unaandika. Nikiandika mwenyewe nitaanza kumuuliza hali ya kikohozi chake, nimsamehe kabla sijafika katikati."

Umuhoza akachana karatasi nyuma ya daftari la shule, akainyoosha juu ya meza ya vyuma. Aliandika salamu, akaongeza jua linavyozama nyuma ya kilima bila wewe. Générose akasoma juu ya bega lake.

"Futa jua."

"Ni zuri."

"Ni la Anastaziya. Futa. Na usinitie mtu wa Katanga humo."

Barua ilipokwisha ilikuwa na mistari minne. *Léonce, hapa ni Générose. Jumapili ya wiki hii nitamwomba shangazi asubiri, Jumapili ya pili sitaomba tena. Kama unanitaka, njoo, usitume mtu. Kama hunitaki, baki na amani, ila nijulishe kwamba u mzima.* Umuhoza aliitazama. Haikuwa na pambo hata moja, na alijua kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri hivyo. Kisha akajisahihisha moyoni, maana hakukiandika yeye.

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa likifungwa gurudumu la mwisho. Dereva wake, Mutabazi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, alikuwa akienda mpakani Rusumo jioni hiyo na kulala Kahama siku ya tatu.

"Léonce," akarudia akiishika barua kwa ncha za vidole vichafu. "Kahama kuna Wanyarwanda wengi, dada. Yukoje?"

"Mwembamba," Générose alisema. "Fundi. Anaimba akifanya kazi."

"Mafundi wote wanaimba."

"Huyu anaimba vibaya."

Mutabazi akafikiri. "Vibaya namna gani, kama mlango au kama mbuzi?"

"Kama mlango."

"Aa," dereva akasema, na akaisukuma barua ndani ya kofia. "Huyo nimewahi kumsikia. Sikuwahi kumuuliza jina, nilimuuliza tu atanyamaza lini."

Générose akacheka mpaka akashika meza. Ndicho kicheko cha kwanza Umuhoza alichopewa tangu aseme ukweli.

Pudentienne alipoombwa aliwaita wote wawili wakaidi, akakubali wazee waje Jumapili ya pili. Umuhoza, jioni ile ile, alilirudisha jani kwenye mahameli, akafungua daftari kwenye ukurasa wake, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: HII NIMEITUNGA MIMI, UMUHOZA. Wino ulipokauka akajisikia mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Wasichana waliokuja Ijumaa waliisoma, mmoja akasema afadhali, yeye miaka saba asingeiweza, na bado waligombania nani avae lile jani.

Ila nyumbani hakupata utulivu. Kila lori lililopanda kutoka Nyabugogo alilisikia, hata yale asiyoweza kuyasikia kutoka Biryogo. Jumapili ya kwanza ikapita. Jumanne akapeleka uji kwa Générose, hakuna habari. Ijumaa Shafiq alikwenda Gatsata kununua mkanda wa cherehani, akarudi akitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Umuhoza alitaka sana kuketi aandike jinsi yatakavyokwisha. Aliuona mwisho wake kabisa, vumbi na yote. Badala yake akachambua mchele, punje kwa punje, Kaliza akimsaidia kwa kula zilizobaki.

Jumapili ya pili nyumba ya Pudentienne ilinukia mkaa na pasi. Wazee wa Karangwa walikuwa waje saa kumi. Sebuleni kulikuwa na viti vya kuazima na kreti mbili za Fanta, na uani watoto wa jirani walikuwa wamemchukua Kaliza kwenda getini kutazama barabara. Chumbani Générose alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo. Mshanana ulikuwa wa rangi ya maziwa. Blauzi aliishona Shafiq, akakataa malipo, akisema ni faini ya mke wake.

"Si lazima uvae leo," Umuhoza alimnong'oneza akilikunja fundo begani. "Ni neno la kwanza tu."

"Nilisema Jumapili hii," Générose akajibu. "Na Karangwa hajanikosea kitu. Nitatoka, nitamsalimia vizuri, na nitamwambia mwenyewe kwamba naomba mwaka mmoja wa kukaa bila kumngoja mtu yeyote. Akitaka atasubiri, asipotaka ana meno yake yote."

Pudentienne, aliyekuwa mlangoni na pasi mkononi, alitaka kusema kitu. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akaona jinsi alivyosimama, akaiacha pasi iongee na kanga aliyokuwa akiinyoosha.

Umuhoza alikunjua mahameli juu ya kitanda. "Ipi?"

Générose alizipitia kwa macho. Jani lilikuwepo, linang'aa pale pembeni kama halihusiki. Akalipita. "Zile za kwenye kopo ziko wapi? Zisizo na hadithi."

Umuhoza akafungua kopo la maziwa alilokuja nalo. Zilikuwa sita, za bati, za kioo kilichopasuka, za chochote. Générose akachagua ya duara, ndogo, yenye ushanga mweupe mmoja, ya kuokotwa tu.

"Hii haina kitu kabisa," Umuhoza alimwonya. "Sijui hata koti lake lilikuwa la rangi gani."

"Basi ndiyo vizuri. Nikirudi nitakuambia uandike nini, na uandike hicho tu."

Umuhoza alipitisha sindano ya broshi katika fundo, taratibu, kidole chake chini yake ili isimchome. Alikuwa bado ameushika mkono wa Générose wakati lori, au gari kubwa la namna hiyo, lilipofunga breki huko barabarani. Sebuleni ndugu wakainuka, viti vikakwaruza.

"Wamewahi," Pudentienne akasema, akiweka pasi chini na kujipangusa. "Saa tisa na nusu. Watu wa Rebero hawajui saa. Umuhoza, mwanangu, nitolee ile trei. Générose, inua kidevu."

Générose akainua kidevu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Umuhoza akavifinya, akavifinya tena, na hakuthubutu kuwaza lolote.

Huko nje mlango wa gari ukabamizwa, mtu akaongea kidogo, watoto wakacheka. Kisha nyayo ndogo zikapita sebuleni mbio, zikakata kona, na Kaliza akasimama mlangoni mwa chumba, kiatu kimoja mguuni, anahema.

"Mama, kuna mtu nje anasema yeye ni Léonce, anaomba maji ya kunawa mikono."